Yona Ndani ya Katoni

Otilia Furtado alikuwa amebeba kahawa mbili na mkoba, kwa hiyo aliusukuma mlango wa ukumbi kwa bega. Mlango ukaenda mpaka mwisho, na kitasa kikaingia kwenye kishimo kilichokuwa tayari ukutani. Akageuka kukitazama. Kishimo kilikuwa kipya. Vumbi la plasta lilikuwa bado kwenye zulia, na mtu alijaribu kulisogeza pembeni kwa kiatu. Alitaka kuinama aone vizuri, lakini kahawa ilikuwa inamuunguza vidole, akaona kwanza atue mzigo.

Otilia alikuwa mpelelezi wa madai ya bima, Mgoa wa Moshi, mama mnene wa makamo mwenye miwani ya kamba. Kazi hiyo aliianzia Dar es Salaam, akaihamishia Toronto pamoja na mashuka na sufuria zake. Watu wengi walipomwona mara ya kwanza walidhani ni mama wa kanisa aliyepotea njia, naye hakuwa na haraka ya kuwarekebisha.

"Hiyo kahawa ina sukari, binti?" aliuliza mzee aliyeketi katikati ya ukumbi.

"Yako haina, Anko Sadru. Anti Roshanara ameshanionya kwenye simu."

"Nilijua tu. Mwanamke huyu ana majasusi mji mzima."

Sadru Virani alikuwa mfamasia mstaafu, Mwismailia wa Tanga, mkali, msafi na mwenye kichwa kigumu kuliko kokwa la embe. Ukumbi ulikuwa wake: chumba cha chini katika jengo la ofisi huko Don Mills, alichokipaka rangi mwenyewe ili afanye maonyesho ya kitu alichokipenda kuliko vyote duniani baada ya mkewe, na siku nyingine kabla yake. Ukutani kulikuwa na picha za sinagogi zenye nguzo za Kigiriki, na za mawe ya makaburi ya Wayahudi waliozikwa kwa maneno ya Kigiriki. Katikati kulikuwa na kabati la kioo. Na ndani ya kabati, kwa mujibu wa Sadru, kulikuwa na wizi.

"Nieleze kama sijui kitu," Otilia alisema, akatoa kalamu. "Kwanza, kilichopotea ni nini?"

Sadru hakuhitaji kuombwa mara mbili.

"Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, Aleksandria ilijaa Wayahudi. Walikaa na Wagiriki mpaka wakavaa kama Wagiriki, wakaita watoto wao majina ya Kigiriki. Mzee akimsemesha mwanawe Kiebrania, mtoto anajibu Kigiriki. Unalijua tatizo hilo?"

"Nina wawili nyumbani," alisema Otilia.

"Basi. Wazee wakaona vitabu vyao vitabaki bila wasomaji, ndiyo vikatafsiriwa kwa Kigiriki. Mimi nilikuwa na kipande cha tafsiri hiyo, cha mafunjo, kidogo tu, mistari ya nabii Yona. Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge Korogwe alimpa baba yangu, kwa sababu baba alimtibia mtoto. Mama yake huyo Mgiriki alikitoa Aleksandria." Sauti ya mzee ikalainika. "Na uzuri wake ni huu. Maneno yote ni ya Kigiriki, isipokuwa Jina la Mungu. Hapo mwandishi ameliandika kwa herufi za kale za Kiebrania. Kigiriki alikijua, binti. Lakini alipofika kwenye Jina, mkono ulikataa."

Otilia alimpenda mzee kwa namna alivyolisema neno hilo la mwisho. Kisha akajikumbusha kwamba kupenda hakujazi fomu za bima, akaenda kwenye kabati.

Kitasa chake kilikuwa kizima, hakina mkwaruzo. Ndani kulikuwa na vioo viwili vilivyobanwa pamoja, na katikati yake, kipande chenye mistari ya Kigiriki.

"Hicho ni nakala," Sadru alisema. "Tulipochapisha mabango, fundi alikosea rangi mara nyingi. Hiyo ni moja ya zile zilizoharibika, nyekundu mno. Mwizi amechukua cha kweli, akaniwekea takataka."

"Ufunguo wa kabati?"

"Ninao mimi. Mwingine upo nyumbani, kwenye droo."

"Na nani anaingia nyumbani?"

Mzee akasugua macho. "Tangu juzi sioni vizuri humu ndani. Naona kama kuna ukungu. Uzee huu."

"Anko. Nani anaingia nyumbani?"

"Mwanangu Murad. Ndiye aliyechukua. Jumapili tuligombana mbele ya wageni. Anataka nikitoe chuo kikuu, wakifungie gizani kwenye droo. Kitu cha baba yangu! Mashine ya mlango inaonyesha namba yake ya siri iliingia hapa Jumatatu jioni, nami sikumwalika. Jumanne asubuhi nimefika, kitu hakipo, nikampigia hapohapo. Maonyesho yanafunguliwa kesho. Nakupa mpaka jioni, binti. Usipokipata, nawaita polisi na jina nitakalowapa ni lake."

Otilia alifungua kabati kwa ufunguo wa mzee, akageuza vile vioo. Nyuma ya nakala kulikuwa na karatasi nyeupe ya kuishikilia isiteleze. Ilikunjwa mara kadhaa, kingo zikaingizwa zenyewe kwa zenyewe, bila gundi wala utepe. Mwizi mwenye muda, aliwaza. Mwizi nadhifu kupita kiasi.

Alipotaka kuondoka, Sadru alimzuia. Mkewe Roshanara alikuwa ameleta kashata za nazi, na mgeni haondoki mikono mitupu. Mzee akachukua karatasi, akamfungia kashata kwa vidole vyepesi, akamkabidhi.

Roshanara alimfuata mpaka kwenye gari, amejitanda shali, bila koti. Alikuwa mwembamba na mpole, na alikuwa amelia.

"Otilia, nikwambie kitu. Murad anamwuliza baba yake kila siku mchana kwa simu, 'Umekula?' Kwa Kiingereza chake, lakini anauliza. Kwa ajili ya sukari. Miaka yote hajakosa, hata alipokuwa kwenye fungate. Tangu Jumatatu, simu haijalia. Mzee anakaa nayo mkononi mchana kutwa, anajifanya anasoma habari." Akamshika mkono. "Likiandikwa jina hilo polisi, haitalia tena. Nawajua wote wawili."

"Nenda ndani, Anti, utashikwa na homa," Otilia alisema.

*

Murad Virani alikuwa daktari wa mifupa katika zahanati moja huko Weston. Alimpokea Otilia ndani ya gari lake mwenyewe kwenye maegesho, maana hakutaka wauguzi wasikie. Alikuwa na pua ya baba yake na hasira yake pia. Otilia alimwuliza kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiingereza kila mara, kama walivyozoea watoto waliokulia mji huu.

"Uliingia ukumbini Jumatatu jioni?"

"Niliingia."

"Kuchukua nini?"

"Sikuchukua. Nilipeleka." Akatazama usukani. "Nilibadilisha balbu. Zile alizoziweka yeye zina mwanga wa kuchoma nyama. Kipande kile kingekauka na kufifia mbele ya macho yake. Nilimwambia mara ngapi? Kwake mimi ni mtoto wa darasa la pili. Nikaona niende asipokuwepo, nibadilishe kimyakimya, asijue."

"Kwa nini hukumwambia hivyo alipokupigia Jumanne?"

"Hakunipa nafasi. Neno la kwanza lilikuwa 'mwizi'."

Otilia hakuwa amekula tangu asubuhi. Akafungua kashata mapajani, na mkono wake ukasimama. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara kadhaa, kingo zimeingizwa zenyewe kwa zenyewe, bila gundi wala utepe.

"Hivi ndivyo anavyofunga kila kitu?" aliuliza.

Murad alitabasamu bila kutaka. "Ndivyo walivyokuwa wakifunga dawa za unga dukani kwa babu. Sandwichi zangu zote za shule zilifungwa hivyo. Watoto wenzangu walidhani nauza dawa za kulevya."

Otilia akatafuna kashata polepole. Kwa hiyo ile nakala kabatini iliwekwa na Sadru mwenyewe. Mzee mzima alikuwa amemdanganya mbele ya kahawa yake. Lakini kama alikitoa mwenyewe, uchungu ule alipomtaja mwanawe ulikuwa wa nini? Maana ule haukuwa wa kuigiza.

"Murad, watu wa kwenu wakitaka kuficha kitu cha thamani, wanakificha wapi?"

Swali lilimshangaza, lakini alijibu. "Kwenye takataka. Bibi yangu Tanga aliweka dhahabu yake yote kwenye boksi la magazeti ya zamani, karibu na mlango, mahali ambapo mwizi anapita bila kutazama. Baba amenisimulia mara elfu. Ni sisi watatu tu tunaojua, na mama hataki hata kuisikia hadithi hiyo."

"Ulipoingia Jumatatu, nyuma ya mlango kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo shida yenyewe. Siku zote kuna katoni la mabango yaliyoharibika, mlango unagota hapo. Nilikuwa nimebeba ngazi, nikausukuma kwa nguvu nikitegemea katoni, ukaenda wote. Kitasa kilitoboa ukuta. Nilijaribu kusafisha kwa kiatu." Akaona aibu. "Nitalipa plasta."

Otilia alimshukuru, akampa kashata moja. Aliichukua.

*

Sadru alikuwa palepale alipomwacha, simu mkononi.

"Inua macho, Anko," Otilia alisema. "Hizo taa ulibadilisha lini?"

"Sijabadilisha taa."

"Basi macho yako ni mazima. Ukungu unaouona ni balbu mpya zenye mwanga mdogo. Murad alikuja Jumatatu kuziweka, ili Yona wako asiungue. Ndicho alichokifanya humu, na si zaidi."

Mzee alitazama juu, akatazama muda mrefu.

Otilia aliweka ile karatasi ya kashata juu ya kabati, na kando yake ile iliyokuwa nyuma ya nakala. Mikunjo ilikuwa mapacha.

"Mimi ni mjinga," Sadru alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Ujinga hauna fidia kwenye bima, Anko, kwa hiyo tuuache. Kilikuwa kwenye katoni?"

Akakubali kwa kichwa. Baada ya ugomvi wa Jumapili aliogopa Murad angekuja kukichukua akipeleke chuo. Jumatatu mchana akakitoa kabatini, akakifunga, akakizika chini ya mabango mekundu, kama mama yake alivyofanya na dhahabu, akikusudia kukirudisha siku ya ufunguzi. Jumanne asubuhi, katoni halipo. Na duniani kote, ukimtoa Roshanara, aliyeijua siri ya katoni ni mmoja tu.

"Ndiyo maana ulikuwa na hakika kiasi kile."

"Ndiyo maana liliniuma kiasi kile," mzee alisema. "Nilimfundisha mwenyewe."

"Lakini katoni lilishaondoka kabla Murad hajafika. Kishimo kile kinathibitisha. Katoni lingekuwepo, kitasa kisingefika ukutani. Kwa hiyo nani alikuwa humu Jumatatu kati ya mchana na jioni?"

"Hakuna. Mimi nilikwenda jamatkhana kusali. Nilimwacha Nissim tu, anamalizia maandishi ya Kiebrania ya ukutani. Alivuta mlango alipotoka." Kisha akaona uso wa Otilia. "Nissim? Hapana! Nissim hawezi kuiba hata usingizi. Sijamwambia hata kwamba kimepotea, moyo wake mbovu."

Nissim Matsa alikuwa Myahudi wa Lubumbashi, mwenye Kiswahili cha Kongo kilichochanganywa na Kifaransa, mjukuu wa bibi wa Kigiriki, rafiki wa Sadru wa kucheza karata na kubishana. Otilia alimwomba mzee aweke simu kwenye spika, apige.

"Sadru, mon vieux!" Nyuma ya sauti kulikuwa na upepo na koleo linalogonga jiwe. "Unasema nini?"

"Nissim, Jumatatu kulikuwa na katoni nyuma ya mlango."

"Ile ya bile makaratasi? Miye njo nilibeba. Pardon, sikukuambia, nilijua utanicheka. Niliona umeiweka ya kutupa. Juu ya kila karatasi kuko Jina. Rabi alisha kuniambia, karatasi ya mashine haina lazima, inaweza kutupwa. Lakini nilifika pa kuiacha, mukono ulikataa."

Sadru akafumba macho.

"Umeipeleka wapi, Mzee Nissim?" Otilia aliuliza, akiwa tayari amevaa koti.

"Kwa sinagogi, mu jeniza, pale tunawekaka maandiko yaliyochakaa. Haitupwi, inazikwa kama mutu. Bon, tuko kwa makaburi sasa. Banaanza kuzika."

"Waambie wasubiri!"

"Haloo? Upepo iko mingi, sisikie..."

Simu ikakatika.

*

Otilia aliendesha kuelekea kaskazini mwa jiji kwa mwendo ambao bima yake mwenyewe isingeukubali. Sadru alikaa mbele, ameshika mkanda kwa mikono miwili. Roshanara alikaa nyuma akipiga na kupiga namba ya Nissim, ambayo haikupokelewa.

"Wewe na takataka zako," alimwambia mumewe. "Miaka hamsini nakwambia, tununue sefu kama watu."

Sadru aliitikia kwa kichwa. Haikuwahi kutokea.

Waliwakuta kwenye kona ya makaburi, watu wachache wamevaa makoti meusi kuzunguka shimo. Manyunyu yalikuwa yanaanza. Ndani ya shimo kulikuwa na vitabu vya sala vilivyochanika migongo, na maboksi, na udongo ulishaanza kumwagwa upande mmoja. Nissim alikuwa ameegemea fimbo yake, mfupi, masharubu meupe, kofia imeteremka mpaka masikioni. Aliwaona wakija mbio, mfamasia mbele, akadhani mtu amekufa.

"Yona wako mu katoni?" alisema alipoelezwa, na rangi ikamtoka usoni. "Yona mwenyewe?"

Rabi, kijana mwenye koleo mkononi, alisikiliza hadithi yote kwa subira, kisha akaweka koleo chini, akashuka mwenyewe ndani ya shimo na viatu vyake vizuri. Akapokeza katoni juu. Kona moja ilikuwa imelowa. Sadru alipiga magoti kwenye nyasi, akaondoa mabango mekundu moja moja, mpaka akafika chini. Kifurushi kilikuwepo, kimekunjwa, kingo zimeingia zenyewe kwa zenyewe. Akakifungua. Vioo vilikuwa vizima, na katikati yake mafunjo yale ya rangi ya chai, na herufi za Kigiriki zilizokimbia mstari kwa mstari, na pale karibu na ukingo, zile herufi nyingine, nne, ngeni, zimesimama.

Nissim akainama juu ya bega lake. Akaanza kusoma Kigiriki polepole, akisitasita, kisha sauti yake ikashika mdundo wa wimbo. Bibi yake, alisema, aliwaimbia Yona kwa Kigiriki kila siku ya kufunga, kule Lubumbashi, na watoto walicheka kwa sababu hawakuelewa. Alipofika kwenye herufi nne alinyamaza, akaziruka, akaendelea.

"Ungenizikia baba yangu, Nissim," Sadru alisema, akilia na kucheka.

"Ingekuwa maziko ya heshima," Nissim alijibu. "Kuliko kukaa mu takataka yako!"

Hata rabi alicheka. Otilia akafuta miwani yake. Alijiambia ni manyunyu, na kwa sehemu yalikuwa manyunyu kweli.

Kisha akachuchumaa kando ya mzee, goti likilalamika. "Anko Sadru. Ripoti yangu itasema hapakuwa na wizi, na itasema nani alikitoa kabatini. Sina njia nyingine. Lakini kuna mtu anayestahili kusikia kabla ya kampuni ya bima."

"Hatapokea."

"Pengine. Piga."

Sadru alimkabidhi Roshanara vile vioo, akatoa simu. Alikuwa bado amepiga magoti, suruali imelowa. Iliita, ikaita, na Roshanara akawa anatazama pembeni, kwenye mawe ya makaburi, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Ikapokelewa.

"Murad," mzee alisema. "Ni mimi nilikitoa. Nilikificha kwenye katoni, kama bibi yako, kisha nikakuita wewe mwizi. Na taa nimeziona. Ni nzuri, taa zako. Nilidhani macho yangu ndiyo yamekwisha." Akavuta pumzi. "Nimekukosea sana, mwanangu. Nisamehe."

Manyunyu yaliendelea. Nissim alivua kofia, akaishika kifuani.

Kisha sauti ya Murad ikaja, nzito, na maneno yakatoka kwa Kiswahili, yakichechemea kama mtu anayetembelea mguu uliokufa ganzi.

"Baba. Umekula?"

Sadru aliufunika uso wake kwa mkono.

"Bado," alisema. "Nilikuwa nasubiri unipigie."